Nani Atakaa Nyuma

Karakana, 9 Januari 1979

Shoto,

Salamu utazikuta chini, kama zitabaki. Kwanza nijibu swali moja, na unijibu kama ndugu, usinijibu kama mtu wa ofisi. Kwa nini duka lenu la hapa limeshusha mashine mpya za boti wiki iliyopita, na sisi hatujaletewa agizo hata la boti moja?

Nilikwenda mwenyewe kuziona. Mwuzaji wenu amezipanga dirishani zinang'aa kama masufuria mapya. Nikamuuliza, hizi zitafungwa wapi, kwenye vitanda? Akacheka, akasema wateja wameambiwa wasubiri, kuna utaratibu mpya. Utaratibu gani huo? Toka lini mashine ya kampuni ikauzwa hapa bila boti ya baba?

Labda umesahau, maana tangu uvae tai naona damu haipandi vizuri kichwani. Ngoja nikukumbushe. Zamani boti za hapa zilichongoka mbele na nyuma. Yule bwana wa kampuni alipokuja na mashine yake ya kwanza, ameibeba begani kama gunia, hapakuwa na mahali pa kuining'iniza. Alizunguka kwa mafundi wote, wakamcheka. Baba ndiye aliyechukua msumeno akaikata boti yake mwenyewe upande wa nyuma, boti nzima, nzuri, akaweka ubao wa bapa ili mashine ipate pa kukaa. Watu wakasema amerukwa na akili. Mama hakuongea naye mwezi mzima. Halafu baba na yule bwana wakashikana mikono pale pale kwenye maranda: wewe huuzi mashine bila boti yangu, mimi sichongi boti isiyo na nafasi ya mashine yako. Hapakuwa na karatasi. Wakafanya kazi hivyo mpaka baba anaingia kaburini, na wewe ukapata kiti chako kwao kwa mkono ule ule.

Sasa Kobe, ambaye ameziba nyufa za boti zetu tangu wewe hujaota ndevu, anashinda juu ya debe akichokoa meno. Mafundi wengine nimewaambia wakatafute vibarua. Karakana hii haina mteja mwingine ila kampuni yenu, na wewe unalijua hilo kuliko mtu yeyote. Agizo lisipokuja nafunga mlango, na ufunguo nitakutumia wewe kwa posta.

Mama anakusalimu. Mimi nitakusalimu ukishajibu.

Dada yako

*

Ofisi ya Mauzo, 27 Januari 1979

Dada mpendwa,

Salamu nyingi, na tafadhali sana, juu ya bahasha usiandike "Shoto". Barua zinafunguliwa na karani, na sasa ofisi nzima inanisalimia kwa mkono wa kushoto.

Hasira zako nimezisoma, nikazisoma tena baada ya kula, maana kwa tumbo tupu hazimezeki. Ni kweli mambo yanabadilika. Mashine za siku hizi zina nguvu, wanunuzi wanataka vitu vya haraka, na kampuni haiwezi kukaa miezi ikimngoja Kobe atoke usingizini. Lakini mimi sijalala. Nimewasemea mpaka koo limekauka, na hii hapa habari njema: wanataka boti moja. Moja tu kwa sasa, lakini ni ya maonyesho makubwa, na wakubwa wote watakuwepo. Ikipendeza, maagizo yatarudi kama zamani, pengine zaidi ya zamani.

Masharti yao ni haya. Bodi iwe laini kabisa kwa nje, ipigwe msasa mpaka mtu ajione. Usiweke ule ukingo wa ubavuni. Kichwa cha msumari kisionekane hata kimoja. Usichonge jina mbele, wala usipigilie bamba la chuma chini, kwenye mkuku. Rangi tabaka juu ya tabaka. Lori litaifuata mwishoni mwa Aprili, na malipo ni mara mbili ya kawaida.

Najua utauliza kwa nini. Dada, kwa mara moja tu maishani, usiulize. Chonga.

Mpe Mama salamu. Mwambie kola ya shati alilonishonea bado inafunga.

Mdogo wako,
Naibu wa Mauzo

*

Karakana, 8 Februari 1979

Naibu wa Mauzo,

Nimecheka kwa hiyo sahihi mpaka Kobe akaja kuuliza nani amekufa.

Hayo masharti ni ya mtu ambaye hajawahi kulowa maji zaidi ya kuoga. Boti bila ukingo, ikigusana na gati siku ya kwanza inachubuka kama goti la mtoto. Bila bamba kwenye mkuku, itavutwaje mchangani? Na jina! Baba hajatoa chombo hapa bila jina hata siku moja. Hao wakubwa wanataka boti au wanataka sanamu? Nimekasirika, na hasira yangu nimeimalizia kwenye ubao, kwa hiyo usishangae kuna mmoja umepasuka bila sababu.

Lakini nitaichonga. Nina watu wa kulisha, na wewe umeniomba. Sijasahau kwamba huombi ovyo.

Sasa nisikilize. Kanuni ya karakana hii unaijua: hatukati ubao kabla ya kumkalisha mteja. Benchi la baba lipo pale pale juu ya mapipa mawili, linayumba vilevile. Mwaka jana tu nilimkalisha mvuvi mmoja mzito, ameshika ufagio kama mpini wa mashine, mke wake pembeni akivunjika mbavu kwa kucheka. Cheka na wewe ukipenda. Watu karibu wote hukaa kushoto mwa mashine na kushika mpini kwa mkono wa kulia, kwa hiyo upande ule wa nyuma tunautia tumbo kidogo umbebe mtu, boti isilale. Kidogo tu. Jicho halioni, mkono ndio unaojua. Mwembamba tunamtilia hivi, mnene vile. Ndiyo maana watu wakikaa kwenye boti zetu wanasema zinawajua.

Basi niambie: siku hiyo ya maonyesho, nani atakaa nyuma? Nahitaji kujua ni mtu gani, mkono gani na uzito gani. Bila hilo sikati.

Dada yako

*

Ofisi ya Mauzo, 19 Februari 1979

Dada,

Mungu wangu, bado lile benchi? Nilidhani mliizika michezo hiyo pamoja na baba.

Nani atakaa nyuma? Mimi. Haya, umefurahi? Mimi mwenyewe, mbele ya wakubwa wote, na suti. Kilo tisini na sita, na ukimwambia Mama nitakana. Mkono unaujua.

Sasa kata ubao, muda unakwenda. Na usiniulize tena kitu, nina kazi hapa mpaka puani.

Mdogo wako

*

Karakana, 30 Aprili 1979

Shoto,

(Bahasha nimeandika jina la serikali. Humu ndani nitakuita ninavyotaka.)

Boti imeondoka asubuhi. Wale watu wako wa lori ni washenzi. Walitaka kuiburuta! Nikasimama mbele ya tairi na tezo mkononi mpaka wakaenda kutafuta magodoro. Magodoro matatu, moja ni la Mama, ulirudishe.

Sijawahi kuchonga kitu kama hiki. Nasema hivyo na hasira ikiwa bado ipo, maana msasa umenila vidole mpaka siwezi kushika sindano. Pale mbele, upande wa kulia, ubao ulikuwa na kifundo. Nilikitoa, nikaziba. Kimeacha kibonyo kidogo ambacho kidole gumba kinalala ndani yake. Kingine ningekijaza. Hiki nimekiacha, rangi imekifunika, nikaona kwa kuwa mmenikataza jina, basi na kibaki hicho.

Na nyuma nimekutengenezea mahali pako. Unakumbuka ulivyokuwa unakaa kwenye boti ya baba, umejikunja, mgongo umepinda kama ndoana, kwa sababu kila kitu kilichongwa kwa watu wa mkono wa kulia? Baba akikufokea ukae sawasawa, na wewe ukilia kimyakimya huku umeshika mpini kwa mkono usiokuwa wako. Nilikuwa naona. Nilikuwa msichana, sikuwa na la kusema. Sasa tumbo lote nimelihamishia kulia, la kukubeba wewe na kilo zako zote. Hii ni ya kwanza kutoka hapa ikiwa hivyo. Kobe alipitisha mkono akaguna. Akasema hii akipewa mtu mwingine itamlalia. Nikamwambia, kwani nani kasema inapewa mtu mwingine?

Mama ameipapasa, akasema ukikaa humo usivae viatu vya kuteleza.

Niandikie maonyesho ni lini. Nimenunua viatu vipya. Nataka kukuona umekaa.

Dada yako

*

Ofisi ya Mauzo, 21 Mei 1979

Dada,

Boti imefika salama, wameipenda. Maonyesho yameahirishwa, tarehe haijulikani, usijisumbue kusafiri. Malipo yametumwa benki. Godoro la Mama nitalishughulikia.

Mambo ni mengi, nitaandika nikipata nafasi.

Mdogo wako

*

Karakana, 2 Agosti 1979

Wewe,

Leo hupati hata "Shoto".

Amekuja hapa yule mvuvi tunayemwita Redio, kwa sababu hanyamazi. Ameikokota boti mpya, kainunua dukani kwenu pamoja na mashine, bei ya kutupa. Nyeupe, ya faiba, inang'aa kama sahani. Kaja kwangu kulalamika kwa sababu kwa akili yake, kila boti yenye mashine hapa ni mtoto wa karakana hii. Anasema inamlalia. Akikaa tu, inainamia upande wake, akiongeza moto inavuta kama mbuzi anayepelekwa asikotaka. Mara mbili nusura imtie majini. Anataka niirekebishe.

Nikamwambia sigusi plastiki. Lakini nikaigusa. Nilianza nyuma, nikaenda nayo ubavuni mpaka mbele, upande wa kulia. Nikafumba macho. Kidole gumba kikaingia kwenye kibonyo.

Kibonyo changu! Kwenye plastiki!

Nilikaa chini kwenye maranda, mtu mzima na nywele zangu nyeupe, Redio akafikiri nimepatwa na kiharusi, akanyamaza kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Kobe ndiye aliyemweleza. Alishawahi kusikia jinsi wanavyofanya: boti ya mbao inafunikwa na utomvu wa faiba, ukikauka unabanduliwa, linapatikana ganda, na humo wanamwaga boti nyingine, na nyingine, kama mtu anayefyatua matofali. Sasa najua kwa nini hamkutaka ukingo, wala misumari, wala jina. Ganda lingenasa.

Hapakuwa na maonyesho. Nimenunua viatu vya kwenda kuangalia uongo.

Ulijua. Usiniambie hukujua. Ulijua siku unaandika "habari njema". Ulinifanya nimchonge mrithi wa kutufukuza kwa mikono yangu mwenyewe, na nikashukuru, na nikapiga msasa! Boti ile umeifanya nini? Iko wapi? Mmeitupa? Mmeichoma?

Na kwa nini inamlalia Redio, hilo sikumwambia yeye na sikwambii wewe. Fikiri mwenyewe, Naibu.

Mama hajui. Sijui nitamwambiaje.

*

Ofisi ya Mauzo, 15 Agosti 1979

Dada,

Ndiyo. Nilijua. Umeridhika?

Sasa unisikilize na wewe, maana miaka yote hii mwenye haki ya kukasirika ni wewe peke yako. Mbao zimekwisha, dada. Si mimi niliyezimaliza. Boti yako moja inachukua miezi, ya faiba inachukua siku. Kampuni ilikuwa ifanye hivi nikubali nisikubali. Walitaka kwenda kuchukua boti kwa mtu mwingine, mimi nikasema hapana, chukueni ya karakana yetu, angalau walipwe mara mbili. Hicho ndicho nilichoweza. Ungenishauri nini? Nisimame mbele ya tairi na tezo?

Unaniambia kuhusu mikono iliyoshikana kwenye maranda. Unakumbuka kilichofuata, miaka michache baada ya kushikana? Yule bwana alisema anahitaji mtu wa kuaminika ofisini, baba akanisukuma mbele kwa kisogo. Nilikuwa bado nasoma. Wewe ukabaki na randa, na benchi, na Kobe, na Mama. Mimi nikatolewa kama kipande cha ubao kilichobaki. Hakuna aliyenikalisha mimi kwenye benchi kuniuliza nataka mkono gani. Kwa hiyo usinihubirie habari za nyumba niliyofukuzwa nikiwa na barua ya kazi mfukoni.

Boti yako ilivunjika walipobandua ganda. Nilikuwepo. Sikulala siku hiyo, kama inakusaidia.

Sasa nijibu wewe. Zinarudishwa, dada. Kila wiki zinarudi. Zote zinalala, zote zinavuta, na Meneja amenisimamisha mbele ya watu akaniuliza kama dada yangu ametutegea. Umefanya hujuma? Ulihisi, ukaipinda makusudi? Sema kweli. Nina watoto. Nikifukuzwa hapa sina pa kwenda, kwako si kwangu.

Mdogo wako

*

Ofisi ya Meneja, 3 Septemba 1979

Kwa Msimamizi wa Karakana,

YAH: KASORO KATIKA BOTI YA MFANO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kampuni ilinunua kwako boti moja kwa bei ya juu kuliko kawaida, kwa makubaliano kwamba ingekuwa bora kwa kila hali. Baada ya boti hiyo kutumika kutengenezea kalibu, yaani ganda la kumwagia boti za faiba, imebainika kuwa ina kasoro kubwa ya umbo upande wa kulia nyuma. Kampuni imepata hasara pamoja na fedheha.

Unatakiwa ueleze kwa maandishi kama kasoro hiyo ilitokana na uzembe au makusudi. Endapo ni uzembe, kampuni iko tayari kukupa nafasi ya kuchonga boti nyingine, iliyo sawa pande zote, isiyoegemea mtu wala mkono wowote, na karakana yako itaingizwa katika orodha ya matengenezo kwa miaka mitano. Endapo ni makusudi, tutachukua hatua dhidi yako, na dhidi ya mtumishi wetu aliyekupendekeza.

Tunategemea jibu lako mapema.

Meneja

*

Karakana, 17 Septemba 1979

Shoto,

Nimepata barua ya meneja wako. Nimemjibu, na nimekunakilia hapa ili usije ukasikia kwa karani:

"Boti haikuwa na kasoro. Boti isiyo ya mtu yeyote sijui kuichonga, tafuteni anayejua. Mtumishi wenu hana makosa ya kazi."

Basi. Miaka mitano ya matengenezo nimeitia jikoni, chai ikachemka. Kobe alinitazama namna fulani, maana ilikuwa ni mshahara wake unaochemka, lakini akainywa. Mlango naufunga mwisho wa mwezi huu. Benchi nimelihamishia uani, Mama analikalia akichambua mboga.

Hayo ni ya meneja. Sasa yako.

Umeniuliza kama nilihujumu. Mimi! Niliyesimama mbele ya lori! Unajua ni nini kimenichoma zaidi ya plastiki? Ni kwamba umekaa wiki kadhaa kwenye kiti chako cha kuzunguka, mtoto wa baba, uliyekulia chini ya lile benchi, ukishangaa kwa nini boti inalalia kushoto. Ulikuwa na barua yangu. Nilikuandikia kila kitu. Hukuisoma, ee? Uliona maandishi yangu ukajua ni hasira za kila siku, ukaitia mtotoni mwa meza.

Nilikuuliza nani atakaa nyuma.

Ungeniandikia "sijui" ningemkalisha Redio, ningechonga kama zinavyochongwa zote, ganda lenu lingekuwa zuri, mngeuza mpaka mchoke, na mimi ningekufa njaa bila kelele. Ungeniandikia "hakuna mtu, ni ya kumwagia utomvu", ningekutukana, ningelia, na pengine ningechonga vilevile, kwa kuwa ni wewe. Lakini uliandika "mimi". Neno moja, upesi upesi, ili ninyamaze. Nikaliamini. Nilitembea nalo miezi miwili nikiwa na randa mkononi. Nikamhamisha kila mtu aliyewahi kukaa kwenye boti za baba, nikakuweka wewe. Tumbo la kulia ni lako. Zile kilo tisini na sita ni zako. Kila boti iliyotoka kwenye ganda lenu imechongwa kwa ajili ya mtu mmoja duniani, kwa hiyo msiwalaumu Redio na wenzake.

Unasema hakuna aliyekukalisha. Mimi nilikukalisha. Ulikuwa mbali, nikakukalisha kwa kumbukumbu, mpaka na namna unavyoning'iniza goti.

Hujaikalia hata moja, sivyo? Umeziuza, umezipokea zikirudi, umezitolea maelezo, na hujawahi kukaa. Basi vua koti hilo, nenda gatini, ukakae.

Dada yako

*

Gatini, 5 Oktoba 1979

Dada,

Sikukusudia kujibu. Barua yako niliitupa chini ya meza, nikaiokota, nikaitupa tena. Halafu nikashuka gatini na suti yangu.

Nilichukua mojawapo ya zile zilizorudishwa. Nikakaa kulia, nikashika mpini kwa shoto. Naapa nilikuwa naomba inilalie. Nilikuwa naomba inibwage majini mbele ya wafanyakazi wote ili nipate la kukuambia. Haikulala. Nikaongeza moto, ikanyooka. Nikaachia mpini kabisa, ikazidi kunyooka. Mgongo wangu ulikuwa haujapinda. Goti lilikuwa mahali pake. Nina miaka arobaini na mbili, sijawahi kukaa kwenye boti nikiwa nimenyooka, na nilikuwa nalia kwa hasira kiasi kwamba sikuliona boya, karibu niligonge.

Meneja alikuwa amesimama gatini. Akapiga makofi, akapayuka: "Mnaona? Kasoro iko wapi?" Akampandisha fundi mitambo, akakaa wanavyokaa watu, ikalala, akarudi amelowa mpaka kiunoni. Meneja akanigeukia. Nikamweleza. Benchi, mkono, kilo, na lile neno nililoandika. Alicheka kwanza. Halafu akaacha.

Kalibu imevunjwa. Wameshapata fundi mwingine huko mbali atakayewachongea boti isiyo ya mtu yeyote, kwa hiyo wataendelea, dada, hukuwazuia, usije ukadhani. Mimi sikufukuzwa. Nimepewa msumeno. Meneja amesema, kwa kuwa zote ni zako, zimalize wewe. Zilizorudi na ambazo hazijauzwa zinakatwa vipande vipande, zinatupwa. Godauni limejaa mpaka mlangoni. Nakata tangu asubuhi, vumbi lake linawasha hadi ndani ya macho, na kila ninapoweka mguu ili nipate nguvu ya kukata, mguu unaangukia pale pale ulipopima wewe.

Nimekukasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu yeyote, hata baba. Ungenichongea boti mbovu ningekata huku nikipiga mluzi.

Usimwambie Mama. Au mwambie, sijui. Godoro lake nimelipata, lina mafuta ya lori, nitalileta mwenyewe.

Boti moja nimeificha chini ya turubai. Usiniulize nani atakaa nyuma.

Shoto